Chai nyeupe ya kaskazi: jinsi ya kuchanganya ya kwako kwa ganda la chungwa, mchaichai na waridi

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, maswali huwa ni yale yale. Nimenunua chai nyeupe kwa bei ya kuumiza, mbona ni kama maji? Naweza kutia maziwa? Nilitia mdalasini na karafuu, sasa naonja mdalasini mtupu. Nilichanganya na maganda ya chungwa, wiki mbili baadaye kopo zima likaota ukungu. Majibu yote yako hapa, yamefuata mpangilio wa kazi yenyewe. Ukifuata hatua hizi utapata gramu 100 za chai ya kunywa baridi wakati wa joto, na chai yenyewe utaionja, haitapotea ndani ya viungo.

Maelezo ya chai yatakuwa mafupi. Chai nyeupe inatoka kwenye mmea ule ule wa chai ya kawaida. Majani yanayopikwa majumbani kwetu Kenya na Tanzania mengi yamesagwa kuwa chenga, ndiyo maana yanakolea mara moja na kustahimili maziwa. Chai nyeupe haisagwi wala haisokotwi. Machipukizi na majani machanga huchumwa, hunyaushwa kwa saa nyingi, kisha hukaushwa, basi. Jani linabaki zima, na ladha yake hutoka polepole. Asili yake ni Fuding na Zhenghe, mkoa wa Fujian, China, lakini leo inatengenezwa pia Kenya, Rwanda na Malawi, kwa hiyo huna haja ya kuagiza mbali.

Katika mchanganyiko huu kiungo kimoja ndicho kinachoongoza, cha pili kinafuata, na vingine vinanukia tu. Hapa kiongozi ni chungwa. Mchaichai unamfuata. Waridi na iliki ni harufu. Wanaokosea wengi hutia viongozi watatu kwenye birika moja.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Chai nyeupe gramu 100. Utatumia 78 kwenye mchanganyiko, nyingine ni za kuonjea. Usinunue ile ya machipukizi matupu yenye manyoya ya fedha, ambayo Wachina huiita Bai Hao Yinzhen. Ni ghali, na utamu wake mwembamba utafunikwa na chungwa. Chukua yenye chipukizi pamoja na jani moja au mawili, aina ya Bai Mudan. Ina mwili zaidi, yaani ladha nzito kidogo kinywani, na bei yake ni nafuu. Hata Shou Mei, ya majani makubwa ya rangi ya kahawia, inafaa sana kwa kazi hii, na kwa chai ya barafu mimi ndiyo ninayoipenda.

Machungwa matatu au manne. Ya Muheza au ya Malindi yenye ganda la kijani yanafaa kabisa, na harufu yake ni kali kuliko ya yale ya rangi ya dhahabu ya dukani. Ila ujue ganda lake likikauka litakuwa kahawia-kijani, si rangi ya machungwa kama kwenye picha. Hilo si kosa. Yale ya kutoka nje mara nyingi hupakwa nta, kwa hiyo yasugue kwa maji ya uvuguvugu na brashi.

Mchaichai mbichi gramu 40 hivi, yaani fungu dogo la sokoni.

Petali za waridi zilizokaushwa, gramu 3. Nunua kwenye duka la viungo linalouza waridi la kupikia. Usitumie waridi la shada. Maua ya vasi hupigwa dawa ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni, na kuyaosha hakutoshi.

Iliki tano nzima, yaani gramu moja hivi.

Vifaa: mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1 (ile ndogo ya mfukoni, si ya kupimia unga), ungo na chandarua, chupa ya kioo yenye kifuniko, kopo la bati lisilo na harufu, chujio, na bakuli kubwa kavu. Usipime kwa kijiko. Chai nyeupe ina majani makubwa yaliyojikunja ovyo, kijiko kimoja kinaweza kubeba gramu moja na kinachofuata kikabeba mbili. Nusu ya malalamiko ya "haina ladha" yanaanzia kwenye kijiko.

Hatua

1. Menya na ukaushe ganda la chungwa. Tumia kisu kikali au kimenyeo cha viazi, chukua ile ngozi ya juu tu. Nyama nyeupe iliyo chini yake ndiyo yenye uchungu. Ukiona weupe mwingi upande wa ndani, laza ganda juu ya ubao na uukwangue kwa kisu. Kata vipande vyembamba vya urefu wa sentimita moja, vitandaze kwenye ungo bila kurundikana, funika kwa chandarua na uweke kivulini penye upepo. Siku mbili au tatu zitatosha. Usianike juani: jua linafukuza yale mafuta ya harufu unayoyataka. Wala usianike juu ya bati la paa kando ya barabara, maana ganda linanasa vumbi na moshi wa magari.

2. Kausha mchaichai. Osha, kung'uta maji, kisha ukate kwa mkasi vipande vya nusu sentimita. Angalia vidole, kingo za majani zinakata. Sehemu nyeupe ya chini ina harufu kuliko majani, lakini inakawia kukauka, kwa hiyo ipasue kwa urefu kwanza. Gramu 40 mbichi zitakupa gramu 8 hivi, pengine 10.

3. Malizia kwa oveni. Hatua hii watu wa pwani wasiiruke. Hewa ya Mombasa, Tanga au Unguja ina unyevu mwingi, na kitu kinachoonekana kikavu kivulini bado kina maji ndani. Weka ganda na mchaichai kwenye oveni ya nyuzi 50 hadi 60, mlango ukiwa wazi kidogo, dakika 30 hadi 40. Huna oveni? Bandika sufuria nzito ipate moto, iepue, subiri mpaka uweze kuigusa kwa kiganja bila kuruka, kisha tandaza ndani na ugeuzegeuze. Rudia mara mbili tatu. Usikaange, harufu ya kuungua haitoki tena.

4. Pima ukavu. Kunja kipande cha ganda: kinapaswa kuvunjika kwa mlio. Kikikunjika kama ngozi, bado. Kisha tia ganda na mchaichai kwenye chupa ya kioo, funga, na uiache usiku kucha. Asubuhi tazama kioo na upande wa ndani wa kifuniko. Ukungu wa mvuke ukionekana, hata kidogo, rudisha kwenye oveni. Kipande kimoja chenye unyevu kinatosha kuharibu kopo zima, kwa sababu chai kavu hunyonya maji hayo na kuanza kuoza kimya kimya.

5. Onja chai peke yake kwanza. Gramu 3 kwa mililita 200 za maji ya nyuzi 80, dakika 4. Usitie sukari. Utaonja kitu kinachofanana na nyasi kavu, tikiti, pengine asali kwa mbali. Ikumbuke ladha hiyo, maana ndiyo usiyotaka ipotee. Kama haikupendezi hapa, viungo havitaiokoa.

   Kupata nyuzi 80 bila kipimajoto: pwani, changanya vikombe vitatu vya maji yaliyochemka sasa hivi na kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo tumia vikombe vinne vya moto kwa kimoja cha baridi.

6. Changanya sampuli ya gramu 10. Usirukie gramu 100. Pima chai 7.8, ganda la chungwa 1, mchaichai 0.8, waridi 0.3, na mbegu saba nane za iliki zilizopondwa kidogo. Vunja ganda na mchaichai vikaribiane kwa ukubwa na majani ya chai, la sivyo kila kijiko kitakuwa na ladha yake. Waridi livunje kwa vidole mwishoni. Iliki ponda mbegu zipasuke tu. Ukisaga unga, utatawala kila kitu.

7. Onja na urekebishe. Sampuli inatoa vikombe vitatu. Kimoja kinywe cha moto, kingine kiache kipoe kabisa, cha tatu weka barafu. Hiki cha tatu ndicho mwamuzi, maana unatengeneza chai ya joto. Baridi huzima utamu na harufu, na ukakasi hujitokeza zaidi. Chungwa likiwa halisikiki, ongeza gramu 0.2. Mchaichai ukinuka kama sabuni, punguza. Badilisha kitu kimoja kila mara na uandike. Ukibadilisha viwili hutajua ni kipi kilichosaidia.

8. Changanya gramu 100. Kipimo cha kuanzia:
   chai nyeupe gramu 78
   ganda la chungwa gramu 10
   mchaichai gramu 8
   petali za waridi gramu 3
   iliki gramu 1

   Tia chai kwenye bakuli mwisho, juu ya viungo, na uinue kutoka chini kwa mikono miwili mikavu. Usikoroge kwa mwiko, majani yatavunjika na chai itakuwa na ukakasi.

9. Ipumzishe. Jaza kopo karibu na ukingo ili hewa iwe kidogo, funga, uliweke mahali pa baridi na giza kwa siku tano hadi saba. Siku ya kwanza utasikia kila kiungo kivyake. Baada ya wiki harufu zinakuwa zimeingiana. Kabati la bizari na karafuu halifai kwa kopo hili. Chai hunasa harufu ya jirani yeyote.

Kuipika kwa njia mbili

Ya baridi ndiyo bora, na ndiyo rahisi. Gramu 10 kwa lita moja ya maji baridi, kwenye friji saa nane, kisha chuja. Tia kabla ya kulala, asubuhi iko tayari. Ladha inatoka taratibu bila uchungu, na rangi ni ya dhahabu hafifu. Lakini sikiliza: hapa hakuna moto wa kuua vijidudu, si vya maji wala vya majani na viungo. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au ya chupa. Usiiache mezani usiku kucha kwa joto la nyuzi 30 ukasema "itaiva tu". Inywe ndani ya saa 24. Ikibaki, mwaga. Ukimwandalia mtoto mdogo, mjamzito au mgonjwa, tumia njia ya moto.

Ya haraka, mgeni akiwa mlangoni: gramu 6 kwa mililita 250 za maji ya nyuzi 80, dakika 5. Chuja juu ya barafu gramu 250. Chai imekolezwa makusudi ili barafu ikiyeyuka isiwe maji matupu.

Sukari itie ingali moto. Kwa ile ya friji, pika shira nyepesi, sukari na maji sawa kwa sawa, uweke pembeni kila mtu atie yake. Asali haiyeyuki kwa urahisi kwenye maji baridi, itakaa chini ya gilasi. Ndimu kamulia kwenye gilasi, si kwenye jagi.

Na maziwa? Hapana. Hakuna anayekukataza, ila utakuwa unakunywa maziwa yenye harufu ya chungwa. Ukitaka chai ya maziwa, pika ile ya chenga na tangawizi, ina heshima yake.

Ukitaka asumini

Wanaoulizia asumini ni wengi, na wana haki. Fujian kwenyewe, mji wa Fuzhou, chai hunukishwa kwa asumini wa aina hii hii tunaowasuka kwenye vikuba, yale mapambo ya maua ya pwani, na mwaka 2014 kilimo hicho cha Fuzhou kiliingizwa na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Siri yake ni kwamba ua lenyewe halibaki ndani ya chai.

Fanya hivi kabla ya hatua ya 6. Pata vitumba vya asumini alasiri, bado vimefumba. Jioni vinapoanza kufunguka, tandaza chai kwenye sinia, maua juu, chai tena, kwa kiasi cha gramu 50 za maua kwa gramu 100 za chai. Funika kwa kitambaa chepesi cha pamba. Kabla ya kulala tia mkono katikati: pakiwa na joto, pindua. Asubuhi mapema chambua maua yote, kila petali, kisha kausha chai kwenye oveni nyuzi 60 kwa nusu saa, maana imenyonya maji ya maua. Ukitaka harufu zaidi rudia usiku unaofuata kwa maua mapya. Asumini akiingia, waridi atoke. Wawili hao hawakai chumba kimoja.

Mambo mawili hapa si ya mchezo. Asumini wa kikuba huenda wamerashiwa marashi, kwa hiyo mwambie muuzaji unataka wa kunywa, au chuma kwenye mti unaoujua. Na si kila ua la uani linalonukia usiku ni asumini. Mengine yana sumu. Kama huna hakika ya mti, acha. Kwa sababu hiyo hiyo, mafuta ya kujipaka na ya kufukizia yasikaribie kopo lako.

Ukitaka kubadilisha kiongozi

Nana na ganda la ndimu: chai 82, nana kavu 10, ganda la ndimu 8. Ni ya kuburudisha kuliko zote, na nyepesi kwa anayeanza.

Embe na tangawizi: chai 75, embe kavu 20, tangawizi kavu 5. Embe kavu la dukani lina unyevu, kwa hiyo lisiingie koponi. Liweke kando na ulitie kwenye jagi siku ya kupika.

Choya ni swali la kila mara. Inatoa rangi nzuri nyekundu, kweli, lakini uchachu wake unaiteka chai yote. Zaidi ya gramu 5 kwa 100, unatengeneza juisi ya choya. Mdalasini na karafuu ni wa kipupwe, si wa kaskazi. Ukilazimika, kipande cha mdalasini cha ukucha mmoja kwenye jagi, ukitoe baada ya saa moja.

Ikienda mrama

Haina ladha. Pima tena kwa mizani. Kama kipimo ni sahihi, ongeza muda kabla ya kuongeza joto: dakika 6 badala ya 4, au saa kumi friji badala ya nane.

Ina uchungu. Kama uchungu unabaki nyuma ya ulimi, ni weupe wa ganda la chungwa. Kama ni ukakasi unaokausha fizi, maji yalikuwa yanachemka, au majani yamevunjika. Usiichemshe kwenye sufuria kama chai ya rangi, hata kidogo.

Imepooza, rangi imefifia, juu kuna utando. Hayo ni maji. Maji ya kisima yenye chumvi, yaliyozoeleka Dar na Mombasa, yanaua chai nyeupe kabla hujaionja. Pika jagi moja kwa maji ya chupa, linganisha.

Inanuka kabati, kahawa au vitunguu. Kopo halikuwa safi. Kopo la plastiki lililowahi kuwekwa viungo halitasafishika, tafuta lingine.

Kuna ukungu, au harufu ya gunia lililolowa. Tupa yote. Usichague sehemu "nzuri", wala usianike juani upya. Mara ijayo usiruke hatua ya 4.

Harufu ya chungwa imekwisha baada ya miezi mitatu. Ndivyo ilivyo. Chai nyeupe yenyewe inaweza kukaa miaka, lakini ganda na waridi havikai. Changanya kidogo kidogo, na uweke chai iliyobaki pekee kwenye kopo lake.

Siwezi kulala. Chai nyeupe ina kafeini, tena machipukizi yanayo ya kutosha. Kunywa mchana.

Gilasi ya kwanza ilikuwa tamu, ya mwisho koponi imejaa iliki tupu. Mbegu na vipande vidogo huzama. Kabla ya kuchota, lilaze kopo ubavuni ulizungushe mara chache, kisha chota kutoka chini kwenda juu kwa kijiko kirefu.